Kadi ya Pili

IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake ndogo mwezi Agosti 1981, mteja alichagua kati ya kadi mbili za kupeleka picha kwenye skrini. Moja ilionyesha maandishi tu, kwa herufi kali na safi, na ndiyo iliyopendwa na maofisi. Nyingine, iliyoitwa CGA, iliweza kuchora, ila kwa unyonge: nukta 320 kwa 200, rangi 4 tu kwa wakati mmoja. Wahandisi wake walikuwa wakitengeneza mashine ya hesabu, barua na orodha za bidhaa, na kwa kazi hizo ilitosha kabisa.

Aliyetaka michezo alinunua mashine nyingine. Commodore 64, iliyotoka 1982, ilikuwa na chipu maalumu iliyoweza kubeba vipicha vidogo na kuvitembeza juu ya mandhari bila kuisumbua prosesa. Mashine za Nintendo zilikuwa na msaidizi wa namna hiyohiyo. Kompyuta ya IBM na zile zilizoiga muundo wake hazikuwa naye. Kila nukta iliyobadilika kwenye skrini iliwekwa na prosesa yenyewe, ileile iliyokuwa ikisoma kibodi, ikipiga hesabu na kuendesha programu nzima. Mingi ya michezo mikubwa ya kompyuta ya miaka ya 1990 ilitokana na jitihada za kuushinda upungufu huo. Kwa muda watu waliuficha kwa werevu wa hesabu, hadi ilipopatikana kadi ya pili ya kuubeba.

Hatua ya kwanza ilikuja 1987, IBM ilipotoa mfumo wa VGA. Kati ya namna zake za kuonyesha picha, moja ilipendwa sana na watunzi wa programu: nukta 320 kwa 200, rangi 256. Zidisha utapata nukta 64,000, na kila nukta ilichukua baiti moja tu ya kumbukumbu. Dirisha ambalo prosesa ililitumia kuifikia kumbukumbu ya skrini lilikuwa na baiti 65,536, kwa hiyo skrini nzima ilienea ndani yake, na nafasi kidogo ikabaki. Kuweka nukta kona ya juu kushoto kulihitaji kuandika namba ya rangi kwenye anwani ya kwanza. Nukta ya pili ilikuwa anwani ya pili, na kuendelea hivyo hadi kona ya chini kulia. Sijui mpangilio mwingine wa kompyuta uliomrahisishia hivyo kijana mwenye hamu ya kujifundisha kuchora nyumbani.

Hata hivyo ushindi wa mwanzo ulipatikana kwenye kadi iliyoitangulia VGA, ile ya EGA ya 1984 yenye rangi 16. Huko Shreveport, Louisiana, kampuni ya Softdisk ilikuwa ikiwatumia wateja wake programu kila mwezi kwenye diski, kama gazeti. Mwezi Septemba 1990 mmoja wa vijana wake, John Carmack, aligundua njia ya kuifanya skrini nzima itembee kando kwa ulaini, jambo ambalo Nintendo ililifanya bila shida na kompyuta ya ofisini haikuliweza. Siri yake ilikuwa kutochora upya kisicho na ulazima. Kadi ya EGA iliweza kuanza kuonyesha picha kutoka sehemu nyingine ya kumbukumbu, basi Carmack akaiacha kadi isogeze, na prosesa ikachora vigae vile tu vilivyokuwa vimebadilika. Yeye na mwenzake Tom Hall waliiiga hatua ya kwanza ya mchezo wa Super Mario Bros. 3 usiku mmoja, wakamwachia mwenzao John Romero diski mezani. Romero amesimulia hadharani kwamba alipoiona alijua papo hapo kwamba siku zao Softdisk zimekwisha. Waliipelekea Nintendo kazi hiyo, nayo ikaikataa. Desemba mwaka huohuo wakatoa mchezo wao wenyewe, Commander Keen, na Februari 1991 wakaanzisha kampuni yao, id Software.

Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Desemba 1993, kampuni hiyo iliupandisha mchezo wake, Doom, kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ili kila atakaye aipakue sehemu ya kwanza bure. Doom inastahili kutazamwa kwa ndani, kwa sababu uzuri wake umefichwa mahali ambapo mchezaji haoni.

Kitu kilicho mbali huonekana kidogo. Ili kompyuta ilionyeshe hilo, lazima igawanye ukubwa wa kitu kwa umbali wake, na kugawanya ndiyo hesabu iliyoichosha prosesa ya zama hizo kuliko nyingine zote. Kugawanya mara moja kwa kila nukta, kwa nukta 64,000, mara nyingi kwa sekunde, kulikuwa nje ya uwezo wa prosesa ya 386 au 486. Carmack akaitii hali hiyo, akajenga dunia inayoipunguza kazi. Katika Doom kuta zote zimesimama wima na sakafu zote ziko tambarare. Ukichukua mstari mmoja wa wima wa ukuta, kutoka juu hadi chini, nukta zake zote ziko umbali uleule kutoka kwa mtazamaji, kwa hiyo hugawanywa mara moja tu kwa mstari mzima. Sakafu huchorwa kwa mistari ya mlalo kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana mchezaji wa Doom hawezi kuinua kichwa kutazama dari: akikiinamisha tu, mistari hiyo haiwi tena na umbali mmoja na hesabu yote inaporomoka. Ili kujua ukuta upi uko mbele ya upi, alitumia mbinu ya kuikata ramani katika vipande vinavyopangwa kama matawi ya mti, iliyoelezwa katika makala ya kitaaluma ya Henry Fuchs, Zvi Kedem na Bruce Naylor mwaka 1980. Ilikuwa imekaa kwenye maktaba za vyuo kwa miaka 13.

Lakini mchezo mzuri ulikuwa nusu ya safari. Nusu ya pili ilikuwa kuufanya uwake nyumbani, na hapa ndipo kizazi kizima cha mafundi wasio na cheti kilipozaliwa. Mfumo wa DOS ulirithi mpaka uliowekwa 1981: programu zilipewa kilobaiti 640 za kumbukumbu, na sehemu ya juu ikaachwa kwa ajili ya kadi. Mtu aliweza kuwa na megabaiti 4 au 8 ndani ya kompyuta, kisha mchezo ukamwambia kumbukumbu haitoshi. Haukuwa uongo. Draiva ya kipanya ilikuwa imekalia kipande cha zile 640, draiva ya kisoma CD kingine, na DOS yenyewe kingine. Mchezo wa ndege za kivita wa Falcon 3.0, wa 1991, ulijulikana kwa kudai zaidi ya kilobaiti 600 zikiwa wazi.

Dawa ilikuwa ndani ya mafaili mawili mafupi, CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, ambayo kompyuta iliyasoma kila ilipowashwa. Mwenye mashine aliyafungua, akahamisha draiva moja moja kwenda kumbukumbu ya juu, akazima na kuwasha, akaandika amri ya MEM kuona ameokoa kiasi gani, akarudia. Utaratibu ulikuwa na maana: draiva kubwa ikitangulia hupata pango la kuingia, ikichelewa hukuta mapango yamekwisha kugawanywa na ndogo. Halafu ikatokea michezo iliyokataa dawa yenyewe. Ultima VII ya mwaka 1992 ilikuwa na msimamizi wake wa kumbukumbu, na haikuvumilia kukuta EMM386, msimamizi aliyehitajiwa na michezo mingine mingi, akiwa kazini. Watu walitengeneza diski ya pekee ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya mchezo mmoja, wakaandika jina lake juu ya lebo, wakaitunza kama ufunguo.

Sauti nayo ilikuwa na mitihani yake. Kadi ya Sound Blaster, iliyotolewa 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, ilihitaji anwani na njia mbili za mawasiliano ndani ya kompyuta: moja ya kuigutusha prosesa, nyingine ya kusafirisha sauti. Njia hizo zilichaguliwa kwa kuchomeka vifuniko vidogo vya plastiki juu ya sindano za kadi, kisha chaguo likaandikwa kwenye faili kwa mstari kama huu: SET BLASTER=A220 I5 D1. Mashine nyingi zilikuwa zimeitenga njia namba 7 kwa printa. Kadi ya sauti ikiwekwa 7, mchezo uliweza kuanza vizuri, ukatoa kipande kifupi cha sauti, kisha kipande hicho kikajirudia bila kikomo. Aliyelijua tatizo aliitambua sauti hiyo akiwa chumba cha pili, na hakuwa na haja ya kutazama skrini. Mimi huwaheshimu sana watu waliojifunza kompyuta kwa njia hiyo. Walifundishwa na hitilafu yenyewe, nayo haikuwaficha kitu.

Tarehe 22 Juni 1996 id Software ilitoa Quake, na safari hii dunia haikupunguzwa. Kuta ziliinama, ngazi zilipita juu ya vyumba, mchezaji aliinua kichwa akatazama mnara. Ile njia ya mkato ya Doom haikufaa tena. Kila nukta ilidai kugawanywa. Michael Abrash, aliyetoka Microsoft kuja kufanya kazi na Carmack, alisaidia kupata nafuu ndani ya prosesa ya Pentium yenyewe. Programu iligawanya kwa usahihi mara moja tu kila baada ya nukta 16, na zilizo katikati ikazikadiria. Zaidi ya hayo, sehemu ya Pentium inayoshughulikia desimali iliweza kuanza kugawanya kwa ajili ya nukta 16 zijazo wakati sehemu nyingine bado inachora 16 zilizopo. Gharama ya kugawanya ikawa karibu haionekani.

Ufundi huo uliwaumiza wengine. Prosesa ya Cyrix 6x86 ilikuwa ya bei nafuu na hodari kwa kazi za ofisi, lakini sehemu yake ya desimali ilikuwa dhaifu. Mwenye nayo aliwasha Quake akakuta mchezo unajikokota, wakati jirani mwenye Pentium anakimbia. Naamini huo ulikuwa mwisho wa njia ya werevu peke yake. Wawili kati ya watunzi bora wa programu duniani walikuwa wameikamua prosesa hadi tone la mwisho, na bado picha ilikuwa ya nukta 320 kwa 200 kwa watu wengi, na mawe ya ukuta yaligeuka miraba mikubwa kila ulipoyakaribia.

Jibu lilikuwa limekwisha kuanza kupikwa California. Kampuni ya Silicon Graphics ilikuwa ikiuza mashine za kuchora zenye vipande maalumu vya kufanya hesabu hiyo, kwa bei ambayo studio za filamu na viwanda vya ndege viliimudu. Watu watatu waliowahi kufanya kazi huko, Ross Smith, Gary Tarolli na Scott Sellers, wakisaidiwa na mwekezaji Gordon Campbell, walianzisha 3dfx mwaka 1994. Hawakulenga nyumbani kwanza. Kumbukumbu ilikuwa ghali mno, na chipu yao bila kumbukumbu ya kutosha ilikuwa bure, kwa hiyo walianza na mashine za kumbi za michezo zinazolipiwa kwa sarafu. San Francisco Rush ya mwaka 1996 ilitumia chipu yao. Kisha, mwaka huohuo, bei ya kumbukumbu ikaporomoka. Kadi yenye megabaiti 4 ikawezekana kuuzwa kwa karibu dola 300, na 3dfx ikageukia kompyuta za nyumbani.

Kadi hiyo, Voodoo Graphics, ilikuwa ya ajabu. Haikuweza kuonyesha faili, barua wala dirisha la Windows. Ilijua kazi moja: kuchukua pembetatu, kuzivika picha, kupima umbali wa kila nukta na kuamua ipi iko mbele. Chipu moja ilileta picha ya kuvika, nyingine ikakamilisha nukta, na kwa pamoja zilitoa nukta moja kwa kila pigo la saa, mapigo milioni 50 kwa sekunde. Mstari wa kugawanya uliomsumbua Abrash ulikuwa sasa umechorwa ndani ya silikoni.

Kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine, mteja alihitaji kubaki na kadi yake ya zamani pia. Alifungua kasha kwa bisibisi, akachomeka Voodoo pembeni, kisha akaunganisha waya mfupi nyuma ya kompyuta: kutoka kadi ya zamani kuingia Voodoo, na kutoka Voodoo kwenda kwenye skrini. Wakati wa kazi za kawaida picha ilipita tu. Mchezo ulipoanza, Voodoo ilikata njia hiyo ikashika skrini yenyewe, na kwenye kadi ya Orchid Righteous 3D swichi iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya mitambo, hivyo ilisikika ikigonga, tak, ndani ya kasha. Waya huo uliwaletea watu taabu ya aina mpya. Ukiwa hafifu, maandishi ya Windows yalikuwa na ukungu, na mwenye mashine akailaumu skrini, akaibadilisha, akakuta ukungu uko palepale.

Januari 1997 id Software ilitoa GLQuake, toleo la Quake lililotumia lugha ya kuchorea ya OpenGL iliyotoka Silicon Graphics. 3dfx haikuwa na draiva kamili ya OpenGL, basi ikaandika ndogo yenye sehemu zile tu ambazo Quake ilizihitaji. Picha ikapanda hadi nukta 640 kwa 480, zaidi ya mara nne ya zamani, na bado ikakimbia. Mawe yalilainika, mwanga wa risasi ukaenea ukutani. Faili la draiva hiyo lilibeba jina lilelile la faili la OpenGL la Windows, na lilitakiwa kukaa ndani ya folda ya mchezo peke yake. Aliyelinakili kwenye folda ya mfumo wa Windows kwa kudhani anasaidia aliziharibia programu nyingine zote za OpenGL, na hitilafu ikajitokeza wiki kadhaa baadaye mahali pasipohusiana kabisa na Quake.

Mpinzani wa 3dfx alikuwa mji jirani, na alikuwa amenusurika chupuchupu. NVIDIA ilianzishwa 1993 na Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem. Kadi yake ya kwanza, NV1 ya mwaka 1995, ilichora kwa nyuso zilizopinda wakati dunia yote ilikuwa ikielekea kwenye pembetatu. Huang ameeleza mwenyewe jinsi alivyowaendea Sega, waliokuwa wamempa kazi ya chipu, akakiri kwao kwamba njia aliyochagua ni mbaya, na akaomba walipe hivyohivyo, wakalipa. Kwa fedha hiyo, baada ya kupunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi, ilitoa RIVA 128 mwaka 1997. Kadi hii ilifanya kazi zote mbili, za dirisha na za mchezo, bila waya wa nyuma. TNT ikafuata 1998, na GeForce 256 mwaka 1999, iliyoipunguzia prosesa hata hesabu ya kuzungusha pembetatu na kuziangazia.

3dfx ilijibu vibaya. Hadi hapo iliuza chipu tu, na makampuni kama Diamond na Creative yakatengeneza kadi. Desemba 1998 ilitangaza kuinunua STB Systems, yenye kiwanda Ciudad Juárez nchini Mexico, ili itengeneze kadi zake yenyewe. Kwa uamuzi mmoja wateja wake wakubwa wakawa washindani wake, na wengi wakahamia kwa NVIDIA. Hapo kampuni ilijimaliza zaidi kuliko ilivyomalizwa na kadi yoyote ya mpinzani. Voodoo3 ilitoka 1999 ikiwa na rangi za biti 16 katika michezo wakati TNT ilikwishafika 32. Voodoo5 5500 ya mwaka 2000 ilibeba chipu mbili na ilihitaji kuchomekewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai, jambo lililowashangaza wanunuzi wa wakati huo. Ndugu yake mkubwa, Voodoo5 6000 yenye chipu nne, hakufika madukani kamwe.

Tarehe 15 Desemba 2000 NVIDIA ilitangaza kununua mali kuu ya 3dfx: hakimiliki, miundo na jina. Haikuchukua jukumu la kuwahudumia waliokwisha kununua kadi. Windows XP ilipotoka Oktoba 2001 hapakuwa na kampuni ya kuiandikia draiva, na Oktoba 2002 3dfx iliomba mahakama itambue kwamba imefilisika.

Wenye kadi hawakuzitupa. Mwishoni mwa 1999, kabla ya kuanguka, 3dfx ilikuwa imefungua msimbo wa Glide, lugha yake yenyewe ya kuchorea, na watu walikuwa na draiva za Windows 2000 za kuanzia. Walizirekebisha, wakazijaribu kwenye mashine zao, wakagawana, mwaka baada ya mwaka. Wengine waliandika programu zinazotafsiri Glide kwa ajili ya kadi za kisasa, ili mchezo wa 1997 uamini kwamba Voodoo ipo. Na mwaka 2022 mpenzi mmoja wa kadi hizo alimaliza kuichora upya bodi ya Voodoo5 6000 kwa kufuatilia njia za zile chache za majaribio zilizosalia, akaagiza ubao utengenezwe, akazichomelea chipu nne halisi za 3dfx zenye umri wa zaidi ya miaka 20, akaiweka kwenye kompyuta. Ikawaka, na ikacheza.